Maikrofoni Moja na Jina Lisilosomwa

Jumapili iliyopita nilikaa mstari wa nane katika ukumbi wetu wa Laeken, mara yangu ya kwanza kuingia pale na tiketi mkononi badala ya funguo, na kabla bendi haijatoka nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema uongo kwenye spika nilizozifunga mwenyewe. Watu wakatabasamu. Nilishika mkoba kwa mikono miwili nisije nikasimama. Nyinyi wawili mliorithi meza yangu ya sauti mlibonyeza kitufe kama ofisi ilivyowaelekeza, kwa hiyo siwalaumu, ingawa hasira niliyo nayo inatosha kuwagawia na nyinyi. Mwezi wa tano bendi ileile inacheza tena, na safari hiyo mstari wa mbele atakuwepo mwanamke anayeitwa Ngoie, atakayetoka Likasi kuja kusikia jina lake likisomwa. Alishakuja mara moja hakulisikia. Akilikosa mara ya pili, sijui nitamtazama kwa uso gani. Basi naandika, na naomba msome mpaka mwisho, si yale ya nyaya peke yake.

Nilizaliwa Kigoma, nikaja Ubelgiji kumfuata mume. Mume akaondoka, mimi nikabaki. Hayo yanatosha. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana sijawahi kuona kimojawapo kikimsaidia mtu kupata sauti safi. Siku ya kwanza mlinzi wa mlangoni alinionyesha chumba cha ndoo na mafagio kabla sijafungua kinywa. Nikamwambia mimi ni fundi sauti mpya. Akacheka, akaona sicheki, akanipeleka kwa Fernand.

Fernand alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu ambalo sikuwahi kuona amelivua. Alinipa waya wa mita ishirini, akaniambia niukunje. Nikaukunja. Akaumwaga chini, akaniambia niukunje tena. Miezi mitatu nilikuwa mkunjaji wa nyaya: mzunguko mmoja wa kuingia, mmoja wa kutoka, ili waya usijisokote ndani yake na kukatika siku ya kazi. Mpaka leo nikimwona mtu anauzungusha waya kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo, naumwa kabisa. Nimewaona mkifanya hivyo. Acheni.

Alinifundisha pia kutembea. Usikae mezani ukidhani unasikia, alikuwa akisema. Nenda kakae kiti cha bei rahisi, kile cha nyuma ya nguzo, ndipo utajua unawafanyia watu nini. Alinifundisha kwamba ukumbi mtupu hudanganya, kwa kuwa makoti ya watu hunywa sauti, hasa makoti ya baridi. Haya yote ni kweli na nawaachia. Lakini alinifundisha na la tatu, na hilo nalikataa leo hii, japo yeye ameshatangulia na nilimpenda. Alisema fundi sauti hana maoni. Anacholetewa, akipitishe kikiwa safi. Nililimeza neno hilo likanikaa tumboni miaka thelathini.

Bendi ya bluegrass ilikuja wakati nywele zangu zimeshaanza kuwa nyeupe. Kwa asiyejua, bluegrass ni muziki wa milimani huko Amerika, nyuzi tupu, hakuna ngoma: mandolini, fidla, banjo, na besi ile kubwa ya kusimama. Nilikuwa nimewapangia maikrofoni saba, kila moja na stendi yake, kazi ya asubuhi nzima. Akaingia Dirk, Mbelgiji Mflemi, mpiga mandolini na kiongozi wao, akazitazama, akaniomba kwa adabu nitoe sita. Wao hucheza wakizunguka maikrofoni moja. Anayeimba au kupiga peke yake anasogea mbele, wengine wanarudi nyuma, kisha wanabadilishana. Sauti haipandishwi na mkono wa fundi mezani. Inapandishwa na miguu ya wachezaji.

Niliudhika. Mtu amekuja kuniambia kazi yangu haina kazi. Mazoezi ya kwanza yalikuwa vurugu. Upinde wa fidla ulikaribia kumtoboa Dirk jicho na spika zikapiga mluzi mara nne. Ila kwa kuwa mikono yangu haikuwa na la kufanya, nikaanza kutazama miguu, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Nikagundua jambo ambalo hamtalikuta katika kitabu chochote cha mitambo. Mtu akizunguka maikrofoni moja, unaona alijifunzia wapi muziki.

Dirk alikulia katika bendi ya tarumbeta ya kijiji chake, bendi ya matembezi, watoto na wazee wakipita barabarani. Kwa hiyo alikuwa hasogei bali anapiga hatua, kushoto, kulia, na akifika mbele anasimama wima kana kwamba kuna meya anamtazama. Anne-Laure wa fidla alitoka konsavatwari, chuo cha muziki, miaka kumi na miwili akiwa amekaa kwenye kiti mbele ya karatasi za noti. Huyo hakujua kabisa kwamba miguu ni sehemu ya chombo. Nilimbandikia utepe mwekundu sakafuni: hapa ukipiga, hapa ukinyamaza. Alinichukia wiki mbili, kisha akaniletea chokoleti.

Hamisi wa besi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na kazi yake ya mchana ni kuwahudumia wazee katika nyumba moja Ganshoren, jirani na ninapoishi. Yeye alianzia kwenye maulidi, mstari wa vijana wenye dufu, wanaoinama na kuinuka pamoja huku qasida ikisomwa. Hamisi hakuhitaji utepe. Besi kubwa vile ilikuwa inapumua pamoja na wenzake. Nilipomuuliza anawezaje, alisema ukizoea kusimama bega kwa bega na watu arobaini, watatu hawakusumbui.

Na Ilunga, wa banjo. Mtu wa Likasi, Katanga, fundi wa lifti kwa kazi, mpole mpaka anakera. Wapiga banjo wa muziki huu hutumia vidole vitatu. Yeye alitumia viwili, gumba na cha shahada, na gumba lake halikusimama hata mara moja. Wenzake wa bendi nyingine walikuwa wakimwambia amekosa kidole. Hilo nililielewa, ni upigaji wa gitaa wa kwao. Nisichokielewa ni bega. Kila aliposogea kwenye maikrofoni alilaza bega la kushoto na kusogea nusu hatua kulia, akaacha nafasi tupu kando yake, kama mtu anayemwachia mwingine sehemu ya kiti. Nafasi ile ilikuwa inaniharibia sauti. Nilimrekebisha mara kumi. Anasema pardon, Maman Tatu, na safari ijayo anafanya vilevile.

Sasa nifike kwenye uongo. Mnajua desturi ya ukumbi wetu: kabla ya onyesho, taa zikififia, husomwa maelezo mafupi ya kila mwanamuziki, ametoka wapi na kafundishwa na nani. Karatasi inatoka ofisi ya matangazo, kwa Madame Colette, na fundi sauti anairekodi mwanzoni mwa msimu. Kwa kuwa sauti yangu ilisemekana ni tamu, nilirekodi mimi. Dirk alipewa mistari minne, pamoja na jina la mwalimu wake wa tarumbeta. Anne-Laure alipewa mistari saba na maprofesa watatu. Hamisi aliambiwa amebeba ndani yake ngoma za wafalme wa Burundi, ngoma ambazo kwa maneno yake mwenyewe hajawahi hata kuziegemea. Na Ilunga, sikilizeni: mtoto wa kijiji cha Katanga, aliyefundishwa na wazee wa ukoo kando ya moto, na ambaye kwa banjo, chombo chenye asili ya Afrika, anarudi nyumbani.

Likasi ni mji. Una reli, una viwanda, una umeme unaokatika kama umeme wa miji mingine. Moto pekee ambao Ilunga alikulia kando yake ni wa jiko la makaa la mama yake. Alikuwa amemwandikia Colette mstari mmoja tu, nimeuona kwa macho yangu, kwa mwandiko wake wa fundi, herufi kubwa: alifundishwa gitaa na dada yake mkubwa, Ngoie, wa Likasi. Colette aliufuta. Aliniambia baadaye kwamba dada ni jambo la kifamilia, halimpi msikilizaji picha, na tena linarefusha. Wasikilizaji, alisema, wanapenda ule moto.

Na mimi nikafanya nini? Nilisoma. Si kusoma tu. Niliirekodi mara tano mpaka ikakaa sawa, nikaondoa pumzi, nikalainisha herufi zinazochoma sikio, nikaweka utulivu wa sekunde moja kabla ya neno nyumbani ili liguse moyo. Niliusafisha uongo ule mpaka ukang'aa. Ilunga alipokuja mezani kuniuliza kama mstari wake ulipotea, nilimjibu kama Fernand, kwamba mimi napitisha ninacholetewa. Misimu minne mfululizo aliandika mstari uleule, misimu minne ukafutwa, misimu minne nikasoma moto. Alikuwa hapandishi sauti. Mara moja tu aliniambia, huku akifuta nyuzi za banjo kwa kitambaa:

"Acha tu, Maman Tatu. Bazungu banapenda moto, donc tubapatie moto."

Nilimkasirikia yeye badala ya kujikasirikia mimi. Nilijiambia, mwenye jina mwenyewe amenyamaza, wewe unawashwa na nini.

Halafu Ngoie akapata viza, baada ya kunyimwa mara mbili. Wiki tatu tu, kumtembelea mdogo wake. Ilunga alimleta kwenye mazoezi Jumamosi mchana, wametoka Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Kiafrika, mikono imejaa mifuko ya kitenge na samaki mkavu ambaye harufu yake ilikaa ukumbini mpaka Jumatatu. Mwanamke mfupi, karani mstaafu wa stesheni, miwani kwenye kamba. Alinisalimia vizuri, akauliza kama viti vile vyote hujaa, akakaa. Wakapiga wimbo mmoja. Katikati ya wimbo Ngoie akainuka, akapanda jukwaani polepole, akaenda kusimama nyuma ya mdogo wake, upande wa kushoto, palepale penye ile nafasi tupu. Mkono wake wa kushoto ukapita juu ya bega la Ilunga, vidole vikashika shingo ya banjo karibu na vyake. Ilunga aliachia mkono wake wa kushoto bila kugeuka. Yeye dada akawa anabana nyuzi, yeye mdogo anazipiga. Hawakukosea hata noti moja.

Nilitoka mezani. Miaka minne nilikuwa namrekebisha mtu asimwachie dada yake nafasi.

Ngoie ndiye aliyenieleza, tukinywa chai katika chumba cha wanamuziki. Jirani yao mfanyakazi wa reli alihamishwa akaacha gitaa, akalichukua yeye, msichana wa miaka kumi na minne. Baba yao hakutaka. Msichana na gitaa kwake lilikuwa jambo la kwenye baa. Basi Ngoie alikuwa anafunga mlango wa jikoni, anampakata mdogo wake wa miaka sita, gitaa juu ya mapaja ya mtoto, yeye akibana nyuzi kutoka nyuma na mtoto akizipiga. Wakisikia kikohozi cha baba uani, Ngoie anashusha mkono. Baba anapoingia, anayemwona na gitaa ni mtoto wa kiume. Mtaa mzima ukajua Ilunga ana kipaji.

"Bon, mi sikusemaka kintu," Ngoie aliniambia. "Nilisema, siku moja yeye mwenyewe atasema."

Hapo nilikuwa na siku nzima mbele yangu. Onyesho lilikuwa Jumapili saa tisa alasiri. Kurekodi upya mstari mmoja ni kazi ya dakika kumi, nyinyi mnajua. Niliifikiria, wallahi niliifikiria, nikiwa kwenye tramu ya kurudi Ganshoren. Kisha nikafikiria Colette, na karatasi zilizokwisha kuchapishwa, na ile siku nilipowahi kusahihisha jina la mpiga kinanda kwenye tangazo nikaitwa ofisini kama mtoto wa shule. Nikasema nitazungumza nao msimu ujao, kwa utaratibu. Utaratibu. Nikilitamka neno hilo sasa natamani kutema mate.

Jumapili taa zikafifia. Nikabonyeza kitufe. Ngoie alikuwa mstari wa mbele amevaa kitenge kipya, mgongo umenyooka, na Kifaransa anakijua kuliko mimi. Nilimwona akisikiliza tarumbeta za Dirk, maprofesa wa Anne-Laure, ngoma za Hamisi. Likaja jina la Ilunga, akainua kidevu. Kisha moto, wazee, nyumbani. Watu wakatabasamu. Kidevu kikashuka. Bendi ilipiga vizuri sana siku ile, na nilichukia kila noti.

Baada ya onyesho alinifuata mezani. Alingoja nimalize kuzima mitambo.

"Maman Tatu, ile sauti ilikuwa inasoma, ni yako?"

Nikasema ndiyo.

"Bon. Kule nyumbani tulificha juu ya papa, baba yetu, alikuwa papa. Lakini hapa, maman, mulikuwa munaogopa nani?"

Nilimwambia nisamehe, akanishika mkono, akasema amenisamehe, na jambo lile halikupungua hata kidogo. Siku nne baadaye alipanda ndege.

Juma lilelile nilirekodi upya. Sikuomba ruhusa. Hamisi nikampa dufu zake na mtaa wake wa Buyenzi, Ilunga nikampa dada yake. Maonyesho yaliyobaki ya msimu nilibonyeza ile mpya, na Colette aliponiita ofisini nilikwenda na koti langu, kwa sababu nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na cha kunyang'anywa. Alisema inarefusha. Alisema haina picha. Nikamwambia picha ni mwanamke wa miaka sabini na miwili mstari wa mbele akishusha kidevu, na kwamba hiyo picha nitalala nayo mimi, si yeye. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Nilimtumia Ngoie rekodi ile mpya kwa simu. Akanijibu kwa ujumbe mfupi wa sauti, kwamba ameisikia, ni muzuri, lakini mu simu si mu ukumbi. Alisema ataomba viza tena.

Ameipata. Na Jumapili iliyopita, msimu mpya, nikasikia moto umewashwa tena, kwa sauti yangu, na ile sekunde moja ya utulivu kabla ya nyumbani, kazi safi ya fundi hodari. Ofisi iliwapa folda ya zamani. Hamkujua. Sasa mnajua, kwa hiyo lile neno la Fernand halitawasaidia.

Faili ya uongo iko kitufe cha tatu. Ifuteni, na nakala yake iliyo kwenye kompyuta ya jukwaani. Ile mpya iko katika kijidiski chekundu, droo ya chini, chini ya tepu za sakafuni. Ofisi wakiipoteza, na wanajua kupoteza, msinitafute mimi. Mimi nitakuwa nimekaa kando ya Ngoie bila kitufe mkononi. Mmoja wenu atoke mezani, asimame mbele ya maikrofoni ileile moja, hatua moja nyuma maana nyote wawili mna sauti nzito, na asome:

Ilunga, banjo. Alifundishwa na dada yake, Ngoie, nyuma ya mlango wa jikoni, Likasi.

Wakiwaambia inarefusha, waambieni ni sekunde saba. Nimezipima.